Nimeshika jiwe lililoitangulia Dunia

Jamani, leo nimeshika kimondo kwa mara ya kwanza.

Kipande kidogo tu, kimeenea kiganjani, cheusi kwa nje kama kilichobabuka. Ni cha kimondo cha Allende, kilichoanguka Meksiko mwaka 1969.

Upande mmoja umekatwa. Nikauinamia kwa lenzi.

Ndani kumejaa vitone vya mviringo, vingine vidogo kama kichwa cha pini. Hayo ni matone ya mwamba ulioyeyuka, yakaganda yakielea angani kabla Dunia haijakuwepo! Na vile vidoa vyeupe ndivyo vikongwe kuliko vyote: miaka bilioni 4.567 hivi.

Vumbi la namna hii lilizunguka Jua likiwa changa. Likashikana, likawa kokoto, kisha miamba ya kilomita nyingi, ikavutana na kugongana mpaka zikapatikana sayari.

Jiwe hili halikuingia kwenye sayari yoyote. Lilibaki huko nje, likasubiri.

Nimekaa nalo muda mrefu, nikikisugua kidole gumba juu ya kitone kimoja kilichochomoza. Sikutaka kulirudisha.

Nanyi je, mmewahi kushika kitu cha kale kikawanyamazisha hivi? Niambieni.