Kiroba cha Kilo 25

Jumamosi tulikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kijana akatupita mbio na robota begani, "Mzigo! Mzigo!" Tukajibana ukutani. Binti yangu akauliza kwa nini pale panaitwa Kariakoo. Nikamwambia tukifika nyumbani. Koo lilikuwa limenikauka.

Kidato cha tatu tulishakariri sababu za Vita Kuu ya Kwanza: miungano ya mataifa, kugombea makoloni, mauaji ya Sarajevo. Mwalimu wetu wa historia akaja na kiroba cha unga, kilo 25, kutoka stoo ya jikoni. Akatutoa nje. Mzigo wa mpagazi ulikaribia uzito huo, alisema, tupokezane kuzunguka uwanja.

Mwanzoni ilikuwa vicheko. Kengele ilipolia, kiroba kilikuwa kichwani kwangu. Shingo ilikuwa imezama mabegani, jasho na vumbi la unga vimeniingia machoni, naona viatu vyangu tu.

"Mwalimu, kipindi kimekwisha. Nitue?"

Hakujibu. Alitazama saa yake. Nikaendelea kutembea, nikihesabu hatua. Nilipofika thelathini na kitu hakuna aliyekuwa anacheka tena. Ndipo akaja mwenyewe, akanitua.

"Ulaya bunduki zilinyamaza Novemba 11, 1918," alisema. "Huku kwetu, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia, Novemba 25. Siku 14. Mizigo ilikuwa vichwani mwa nani?"

Akatueleza Kariakoo hapo hapo tukiwa juani: Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kiliweka kambi pale, na jina likageuka vinywani mwa watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa kuhara damu, malaria na njaa. Wajerumani nao walikuwa na wao, waliokamatwa vijijini.

Kwenye mtihani tuliulizwa sababu za vita. Niliziandika zote.

Usiku nikamsimulia binti yangu, mpaka zile siku 14. Alikaa kimya, kisha akauliza kama walipotuliwa mizigo kule Abercorn kuna aliyewaonyesha njia ya kurudi kwao.

Hilo sisi hatukumuuliza mwalimu.