Bia Iliyosafiri: Kurasa za Daftari Langu la Kuonja

Jumamosi iliyopita, barazani kwa jirani yangu hapa Ntinda, Kampala, tulifungua chupa tano za bia, nne za kigeni na moja ya Jinja, na nilipofika nyumbani niliona haya kuzisoma alama ambazo nimekuwa nikiziandika daftarini kwa miaka mitatu.

Ninafuata mfumo wa waamuzi wa mashindano ya bia wa Marekani, wenye alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito wa kinywaji mdomoni 5, na 10 za maoni ya jumla. Safari hii shemeji alimimina bia jikoni, akatuletea bilauri zenye namba tu, nasi hatukujua ipi ni ipi. Tuliziacha nje ya friji kwa dakika ishirini kwanza, kwa maana baridi kali huifunga harufu, na harufu peke yake inabeba karibu robo ya alama zote. Mhudumu wa baa akikuuliza, "Baridi au ya moto?", hakuachii nafasi ya katikati, ilhali bia nyingi nzuri hukaa hapo katikati.

Bilauri ya kwanza ilikuwa na ukungu na harufu ya ndizi mbivu, jirani akacheka akisema tumeletewa tonto, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa Erdinger ya ngano, kutoka Bavaria. Harufu ile haitokani na tunda lolote bali ni kazi ya chachu, wakati tonto yetu hupata yake kwa ndizi zenyewe. Nikaipa 36.

Ya pili ilinuka kicheche. Aliyewahi kupishana na mnyama huyo usiku kijijini hahitaji maelezo zaidi. Ilikuwa laga ya Ulaya katika chupa ya kijani, nami nikakumbuka dirisha la duka nilikoinunua, linalopigwa na jua tangu asubuhi. Mwanga huvunja viambato vichungu vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na kuzaa harufu hiyo. Chupa ya kahawia huuzuia kwa kiasi kikubwa, ya kijani huupitisha. Niliipa 14, na hadi leo sijui ni nani hasa niliyemnyima zile 36 nyingine, mpishi wa bia au mwenye duka.

Swali hilo liliniuma zaidi kwa bilauri ya tatu, IPA (India Pale Ale, bia yenye hopsi nyingi) ya Uingereza. Bia ya aina hii huishi kwa harufu mbichi ya hopsi, nayo hufifia upesi kuliko kitu kingine chochote ndani ya chupa. Hii ilikuwa imevuka bahari hadi Mombasa, kisha ikabebwa na lori zaidi ya kilomita 1,100 hadi Kampala, na kilichobaki kilikuwa uchungu mtupu na ladha ya boksi lililolowa maji, ambayo ni dalili ya hewa na joto. Bilauri ya nne, Chimay ya Ubelgiji yenye lebo ya bluu na kileo asilimia 9, ilipita njia kama hiyo ikafika salama, kwa sababu inamaliziwa kuchachuka chupani na chachu iliyo hai hula oksijeni inayobaki humo. Ilipata 41, alama ya juu kuliko zote.

Bilauri ya tano niliipa 33, nikaisifu kwa usafi wa kimea chake. Ilikuwa Nile Special, ile ya Jinja. Daftari langu linaonyesha kwamba mwaka jana, nikiitazama lebo yake, niliipa 22.

Jirani, mzaliwa wa Soroti, hakushangaa hata kidogo. Kwao ajon, pombe ya ulezi ambayo hapa mjini tunaiita malwa, hunywewa mahali ilipotengenezwa, ikiongezwa maji ya moto chunguni na kuvutwa kwa mirija mirefu, na hakuna anayefikiria kuipeleka ng'ambo. (Kwa mfumo wangu ingekosa zile 3 za mwonekano, kwa kuwa mnywaji haoni ila chungu.)

Sasa kila ukurasa unaanza na tarehe ya mwisho ya matumizi, rangi ya chupa, na mahali ilipowekwa dukani. Ukurasa wa IPA nimeupiga mstari, na binamu yangu anayerudi kutoka London mwezi ujao nimemwomba aniletee chupa moja ndani ya begi lake.