Kwa shangazi hakupigiwi simu

Siku ya nne tangu nirudi Tanga nilimpigia shangazi simu, nikamuuliza kama alasiri atakuwa na nafasi nije kumsalimu. Akanyamaza kidogo. Kisha sauti ikashuka: "Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, nataka kuja tu.

"Sasa simu ya nini?"

Nimeishi miaka 11 Aarhus, Denmark. Kule kumtokea mtu mlangoni bila miadi ni sawa na kumvamia, nami nilishazoea hivyo. Simu niliyopiga kwa adabu, shangazi aliisikia kama ya msiba. Anayekuja kwa heri haombi nafasi, anakuja.

Nikiwa huko nilijiandikisha darasa la jioni la sosholojia. Tulisoma habari za Herbert Blumer, Mmarekani aliyelipa jina tawi zima la fikra hizi mwaka 1937: kwamba maana haimo ndani ya kitu chenyewe, huzaliwa watu wanapotendeana, na huendelea kubadilika kadiri wanavyotendeana. Niliandika yote vizuri kwenye daftari, nikafaulu mtihani. (Mtihani haukuwa na shangazi.)

Mfano wangu darasani ulikuwa bendera. Wiki ya kwanza kazini nilikuta meza ya mwenzangu imejaa vibendera vya Denmark, vingine vimechomekwa kwenye keki. Nikadhani ni sikukuu ya taifa, au kuna kiongozi anakuja. Kumbe mwenyewe anatimiza miaka! Wenzetu wale bendera yao huitoa kwa furaha za nyumbani pia: siku ya kuzaliwa, harusi, hata kwenda kumpokea ndugu uwanja wa ndege. Mimi nimekulia mahali ambapo bendera ni ya serikali, iko shuleni na kituo cha polisi, na ikipanda au ikishuka unasimama wima. Lakini kufika mwaka wa tatu nilikuwa nanunua paketi za vibendera vya keki bila hata kufikiri.

Basi jioni moja hapa, saa 12, napita karibu na kituo, filimbi ikalia. Barabara nzima ikaganda. Mwenye baiskeli kashusha mguu mmoja chini, muuza mihogo mkono umebaki juu ya karai. Mimi natembea, tena macho kwenye simu. Kijana mmoja akanivuta mkoba. Hakusema neno, alinionyesha kwa macho tu. Bendera ilipokwisha kushuka akacheka. "Dada, wewe si wa hapa?"

Nimezaliwa Ngamiani, kwenye barabara za namba. Sikumjibu. Kiswahili changu hakijachacha, na filimbi niliisikia vizuri kabisa. Ila ilinipita kama honi ya gari.

Halafu kanga. Nilimnunulia wifi doti moja, nyekundu kwa nyeusi, pindo la korosho, nzuri kweli. Mama akaikunjua, macho yakaupita mji, ile nakshi ya katikati, bila kutua, yakaenda moja kwa moja kwenye jina, yale maneno yaliyoandikwa: Hasidi hana sababu. Akanitazama.

"Mmegombana lini?"

Aarhus kanga zangu zilikuwa pazia na kitambaa cha meza. Katika miaka yote ile hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza zimeandikwa nini. Kwao zile herufi zilikuwa nakshi. Nami, niliyekua nikiwaona kina mama wa mtaani wakisutana wiki nzima kwa nguo bila kufungua mdomo, taratibu nikaanza kuziona nakshi vilevile. Asiposoma mwingine, nawe unaacha kusoma. Sikulijua hilo mpaka mama aliponiuliza vile, na doti ile iko mapajani mwake.

Nikairudisha dukani. Muuzaji hakuuliza ina kasoro gani. Aliuliza, "Ya kumpa nani?" Nikasema wifi. Akaruka nusu ya rundo bila kulifungua, akanisogezea kanga kama sita hivi. "Chagua hapa. Hizi hazina maneno."

Zote zilikuwa na majina, bila shaka. Nilimwelewa.

Kwa shangazi nikaenda Ijumaa, bila simu. Mlango u wazi, pazia limeshushwa. Nikapiga hodi, nikasimama kusubiri. Watoto wawili wa jirani wakanipita, nao wakaita hodi huku kandambili wameshazivua, wakazama ndani. Nikapiga ya pili. Nikawa nahesabu, maana desturi ni tatu, usipojibiwa unaondoka.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Sasa mbona umesimama huko nje kama mdai?"