Hawk XX154 kwa kipimo cha 1:10: nimerudia chumba cha marubani

Wiki ya sita. Jumapili iliyopita nilidhani bodi ya mfano wa ndege yangu imekwisha. Jana nimeikata tena, na sijutii.

Ninachojenga ni mfano wa Hawk, ndege ya jeti ya mafunzo ya Uingereza ambayo mkufunzi hukaa nyuma ya mwanafunzi. Ni ile ya kwanza kabisa, XX154, ambayo rubani Duncan Simpson aliirusha kwa mara ya kwanza Dunsfold, Uingereza, tarehe 21 Agosti 1974. Mfano wangu ni wa povu gumu (foam) na mbao nyepesi za balsa. Mabawa sentimita 94 ncha hadi ncha, urefu karibu 112. Nimekulia Nanyuki, na Kenya ilinunua Hawk 12 za aina ya T52. Zikipita kutoka kambi ya anga ya Laikipia, masikio yalitangulia kuzipata, macho yakafuata kuzitafuta angani.

Kosa langu lilikuwa kupanga viti viwili kwa kimo kimoja. Michoro ilikuwa mbele yangu, lakini mkono ulifuata mazoea ya ndege nilizojenga zamani. Nilichomeka kijiti cha mishikaki kila kiti, nikaweka alama ya macho, kisha nikavuta uzi kutoka macho ya mkufunzi hadi pua ya ndege. Uzi ukagonga kichwa cha mwanafunzi.

Hapo ndipo nilipoielewa Hawk. Kwenye Gnat, mojawapo ya ndege za mafunzo ambazo Hawk ilikuja kuzirithi katika RAF (Jeshi la Anga la Uingereza), mkufunzi aliyekaa nyuma hakuona mbele vizuri, naye ndiye anayepaswa kuiokoa ndege mwanafunzi akikosea karibu na ardhi. Hawker Siddeley, kampuni iliyoiunda Hawk, waliinua kiti cha nyuma, na umbo zima la mbele likafuata uamuzi huo: pua inayoteremka, kioo kirefu kilichopanda kama mgongo wa ngamia. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za ndege hii, kuliko hata injini yake moja ya Adour.

Basi nimeinua sakafu ya nyuma kwa kadibodi, kipande kimoja baada ya kingine, nikivuta uzi kila mara. Kipande cha nne kikaupitisha juu ya kofia.

Kioo cha zamani hakikuingia tena. Nimechonga kalibu mpya ya mti, nikaivika chupa ya soda ya lita 2 na kuipuliza hewa moto. Chupa ya kwanza niliisogeza karibu mno, plastiki ikawa nyeupe kama maziwa. Ya pili nilienda polepole, nikizungusha, ikajibana kwenye mti bila mkunjo hata mmoja. Niliishika mkononi muda mrefu kabla ya kuikata.

Mabawa yako tayari, kipande kimoja cha kufunga kwa chini.

Yamebaki mapezi mawili madogo chini ya mkia, msasa, halafu rangi: nyekundu na nyeupe, kama ndege za mafunzo za RAF za miaka ile. Kioo nitakigandisha Jumamosi, uzi ukipita kwa mara ya mwisho.