Kumbukumbu ya mradi wa Taa: kanuni tano zimeondoka, moja imeingia

Wiki ya 14

Jana nilimketisha dada yangu mbele ya kompyuta, nikamwachia Taa bila kumweleza neno. Kwa anayeukuta mradi huu leo: ni gemu ya zamu kwenye gridi ya miraba 9 kwa 9. Uko pangoni na taa ya mafuta, unatafuta pa kutokea, na gizani kuna vivuli visivyopenda mwanga. Nilipoanza ilikuwa hivyo tu. Kufikia wiki hii, juu ya skrini kulikuwa na mistari sita: mafuta, njaa, kiu, uchovu, uzito wa mzigo na uchakavu wa silaha.

Alicheza dakika 11. Kila baada ya hatua mbili tatu alisimama, akatazama juu, akarudi chini. Kuhusu vivuli hakuuliza kitu. Swali lake lilikuwa: "Nikiishiwa huu wa kijani ndiyo nakufa, au ni ule wa bluu?" Nikaanza kumweleza, na maelezo yakawa marefu hadi mwenyewe nikaona aibu. Nilitaka mtu aogope giza, nami nimempa daftari la mahesabu.

Wiki ya 15

Nimechukua karatasi na kuandika, kwa kila kanuni, swali ambalo inamuuliza mchezaji. Njaa inauliza: umebakiwa na hatua ngapi kabla hujapata chakula? Kiu inauliza hatua ngapi kabla ya maji. Uchovu, hatua ngapi kabla ya kupumzika. Mafuta, hatua ngapi kabla ya giza. Ni swali moja lililovaa nguo nne. Nilikuwa nimeongeza kazi ya kukumbuka bila kuongeza uamuzi hata mmoja, kwa sababu jibu ni lilelile kila mara: okota kilicho karibu, endelea na safari.

Silaha ilikuwa na kosa lake peke yake. Mwenye panga hana haja ya kuogopa kivuli, na asiyeogopa kivuli haitazami taa. Kumbe kanuni moja ilikuwa inaiua nyingine, na nilikuwa nimekaa nazo zote mbili miezi mitatu.

Nimefuta tano, nimebakiza mafuta. Zaidi ya mistari 400 ya msimbo imeondoka. Ipo kwenye tawi la pembeni, yaani nakala iliyotengwa na gemu yenyewe, lakini sidhani kama nitairudia.

Wiki ya 16

Nilidhani nimemaliza. Rafiki yangu akaja, akacheza viwango 12 mfululizo, akasema ni nzuri. Nilikuwa namtazama vidole: hakusita hata mara moja. Gemu ya pangoni ambayo mtu hasiti ndani yake ina tatizo. Kwa kuwa kila hatua inachoma tone moja la mafuta na hakuna kingine cha kuyatumia, njia fupi ndiyo bora daima. Akishaiona, kilichobaki ni kubonyeza vitufe.

Hapo nikaenda kuitazama upya Tetris, ile gemu ya kupanga maumbo yanayoanguka ili mistari ijae na kufutika, iliyoundwa na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Maumbo 7, uwanja wa vyumba 10 kwa 20, na sheria unaweza kumweleza mtu huku akicheza. Nilichokuwa sijakizingatia ni alama. Katika toleo la Nintendo la 1989, kwenye kiwango cha kuanzia, kufuta mstari mmoja kunakupa alama 40 na kufuta minne kwa mpigo kunakupa 1200. Mistari ni mara nne, malipo ni mara 30. Kwa hiyo mchezaji mwenyewe anaacha shimo pembeni, anapandisha rundo hadi linamtisha, akilisubiri lile umbo refu. Hakuna sheria inayomwamuru aache shimo. Tamaa imewekwa upande mmoja na hatari upande wa pili, na vyote viwili vinaishi ndani ya rundo lilelile.

Taa ilikosa hicho. Mafuta yangu yalikuwa na kazi moja tu.

Nimeyapa ya pili: unaweza kuyamwaga chini na kuyawasha. Inakugharimu matone 4, moto unawaka zamu 3, na vivuli haviuvuki. Tena, ukiwa na zaidi ya matone 10 taa inamulika miraba miwili kila upande. Ukiwa na 10 au pungufu, mmoja. Sasa fikiria una matone 12 na kivuli kiko nyuma yako. Ukimwaga unapata ukuta, unapoteza hatua nne za safari, na mwanga wako unasinyaa papo hapo. Usipomwaga, unaona mbali lakini mgongo uko wazi. Nimekaa kwenye hali hiyo moja karibu dakika mbili, mimi niliyeitengeneza, na moyo ukinidunda. Tangu Januari sijafurahi hivi.

Wiki ya 17

Vivuli navyo vilihitaji kupunguzwa akili. Vilikuwa vinatafuta njia fupi kuzunguka vikwazo vyote, kwa usahihi wa mashine, na wachezaji waliona vinakwenda ovyo. Katika Pac-Man ya 1980, gemu ya kukimbizwa na mizimwi, zimwi Blinky hulenga pale ulipo, na mwenzake Pinky hulenga vigae vinne mbele ya unakoelekea. Ukicheza kidogo unaanza kuwajua kama unavyowajua watu, na ndipo unapoweza kuwatega.

Basi kivuli changu sasa kinatazama umbali wako kwa mlalo na kwa wima, kinasogea upande wenye umbali mkubwa. Umbali huo ukilingana, kinakwenda mlalo. Nimechora na mshale mdogo mbele yake kuonyesha hatua inayofuata. Ni adui mjinga kuliko yule wa zamani, na ameniua mara nyingi zaidi, kwa sababu sasa najiamini nikiwa karibu naye.

Kuna msomaji ameniambia kwamba nimekuwa adui wa gemu zenye mambo mengi. Hapana. Dwarf Fortress, gemu ya kuendesha makazi ya mbilikimo, naipenda kwa dhati, na ina mifumo isiyohesabika. Lakini kule mifumo inagongana yenyewe, nawe unakaa ukishuhudia visa vinavyozaliwa; kushindwa kuelewa kila kitu ni sehemu ya raha yake. Gemu yangu inaua mtu kwa kosa la mraba mmoja. Nikikuua, lazima uwe uliweza kuona kwa nini.

Wiki ya 18

Kiwango cha 9 hakijakaa sawa. Unaanza na matone 14, na nimegundua kuna njia moja tu ya kutoka: kumwaga kwenye zamu ya pili, kabla hujajua pango limekaaje. Anayeshindwa hajakosea, hajabahatika. Nimejaribu kuongeza chupa ya mafuta kwenye kona ya kaskazini, ikawa rahisi mno, hakuna anayemwaga. Kesho naisogeza chupa upande wa pili wa vivuli viwili, nijaribu kuanza na matone 11, kisha nimwite dada.