Jua la 13 Lililobaki Mkononi

Ra, mchezo wa ubao uliobuniwa na Mjerumani Reiner Knizia na kutolewa mwaka 1999, ni mchezo wa mnada usiotumia fedha hata kidogo. Wachezaji hujenga ustawi wa Misri ya kale katika enzi tatu kwa kununua vigae vya mafarao, Mto Nile, majengo makuu, miungu na dhahabu. Malipo yao ni majua, yaani vipande vyenye namba, na jua moja ndilo dau zima la mnada mmoja, wala hakuna kuongeza dau ukishapitwa.

Uzuri wa mchezo huu, kwa maoni yangu, umo katika kanuni moja: mshindi huliacha jua lake katikati ya ubao na kulichukua lile lililokuwa hapo, ambalo hulazwa kifudifudi hadi enzi inayofuata. Kwa hiyo anayenunua kwa namba kubwa leo humwandalia nguvu ya kesho yeyote atakayeshinda mnada utakaofuata, na anayenunua kwa namba ndogo mara tu baada yake huondoka na vigae pamoja na jua zito. Kwa kuwa majua ya kutumika katika enzi iliyopo huonekana na wote, ni rahisi kujua nani anaweza kumzidi nani, ila hakuna ajuaye mfuko wa vigae utatoa nini.

Kila zamu mchezaji huchota kigae au humwita Ra, mungu wa jua wa Misri ya kale, ili mnada uanze, na anayeita hutoa dau wa mwisho, lakini wenzake wote wakipita hana budi kununua. Kigae cha Ra kikitoka mfukoni huwekwa katika mstari wake na mnada hufanyika papo hapo. Mstari huo ukijaa, enzi hukoma bila mnada, na vigae vyote vilivyokuwa vikisubiri mnunuzi hutupwa.

Hapo ndipo nilipoangukia hivi karibuni. Tulikuwa watatu, enzi ya tatu, wenzangu wote wawili wamekwisha kutumia majua yao, nami nimebaki na lile la 13, kubwa kuliko yote kwa idadi yetu. Mstari wa Ra ulibakiwa na nafasi moja tu. Mbele yangu palikuwa na vigae vinne, kimoja kikiwa cha mafuriko, na mkononi nilikuwa na vigae sita vya Nile ambavyo bila mafuriko havina thamani yoyote. (Mandhari ya Misri katika mchezo huu ni nyembamba, nakiri, lakini kanuni hiyo ni ya kweli kabisa: kabla ya mabwawa ya Aswan, mto usiofurika ulimaanisha mashamba yasiyopata tope lenye rutuba, na hatimaye njaa.) Ningemwita Ra pale pale ningepata alama 7 kutokana na mto peke yake. Badala yake nikakumbuka kwamba vigae vya Ra ni 30 kati ya 180, nikajiambia kuwa hatari ni moja kwa sita tu, nikachota. Kikatoka kigae cha farao. Nikachota tena, likatoka jengo. Sikukaa kufikiri kwamba, kwa uwiano huo huo, kuchota mara tatu mfululizo bila kukutana na Ra ni bahati inayozidi nusu kwa kiasi kidogo tu. Mara ya tatu akatoka Ra mwenyewe, na vigae vyote sita vikaondolewa ubaoni.

Mwisho wa mchezo, mwenye jumla kubwa ya majua hupewa alama 5, nami nikazipata kwa msaada wa lile la 13 ambalo sikulitumia. Aliyeshinda alinizidi kwa alama 3.