Nyuma ya Kombe Lililoibwa

Newtown Row, kaskazini kidogo ya katikati ya jiji la Birmingham, ni barabara pana ya magari. Nilishuka basi nikatembea kando yake taratibu, nikitafuta mahali ambapo hapana tena cha kuonekana. Usiku wa Septemba 11, 1895, kombe la kwanza la FA, chama cha soka cha Uingereza, liliibwa mtaa huu. Aston Villa, klabu ya Birmingham, walikuwa wamelitwaa mwezi Aprili, wakamwazima William Shillcock, muuza vifaa vya kandanda, aliweke kwenye dirisha la duka lake wapita njia walione. Kulipokucha, halikuwapo.

Lilikuwa limetengenezwa mwaka 1872 na kampuni ya Martin, Hall & Co. ya Sheffield, kwa pauni 20. Kombe dogo, vishikio viwili, sanamu ya mchezaji juu ya kifuniko. Watu walilipachika jina la sanamu ya bati, ingawa lilikuwa la fedha. Ilitangazwa zawadi ya pauni 10 kwa atakayelirudisha, na hakuna aliyejitokeza. Mwaka 1958 mzee mmoja aliliambia gazeti kwamba yeye na wenzake waliliyeyusha wakatengeneza sarafu bandia za nusu krauni. Hayakuthibitishwa. Lakini nikiwa nimesimama pale, magari yakinipita, niliwaza jinsi Kiswahili kinavyoita madini yale na pesa kwa neno moja. Makombe mengi ya kale yalipotea kwa sababu hiyo hiyo: mwenye shida aliyaona kama fedha tu, akayapima kwa mizani.

Kutoka hapo nilikwenda kwa miguu hadi Jewellery Quarter, mtaa wa masonara. Huko ndiko kombe la pili lilikotengenezwa, katika karakana ya familia ya Vaughton. Howard Vaughton, wa familia hiyo, alikuwa mchezaji wa Aston Villa aliyelitwaa kombe lile la kwanza mwaka 1887, na mwaka 1882 aliifungia Uingereza mabao matano ilipoichapa Ireland 13-0. Kwa hiyo aliyepotelewa ndiye aliyetengeneza upya. Umbo halikukisiwa: wachezaji wa Wolverhampton Wanderers walikuwa wamepewa vikombe vidogo vya mfano wake baada ya kushinda mwaka 1893, na hivyo ndivyo vilivyofuatwa. Aston Villa walitozwa pauni 25.

Katika duka moja la vitu vya kale mama muuzaji alinipa kikombe cha mashindano ya makasia, hakizidi kiganja. Mimi nilianza kusoma maandishi ya ubavuni, yeye akakigeuza. "Anza na mihuri," alisema. Simba anayetembea maana yake ni fedha halali, sehemu 925 kwa elfu. Nanga ni Birmingham, ambako ofisi ya kupima madini imekuwapo tangu 1773. Herufi ndiyo mwaka. Kisha akanipitishia kidole juu ya jina la mshindi, nikahisi jinsi lilivyokwisha kulika. Si wizi uliolifuta, ni kitambaa. Kila anayesugua ili king'ae huondoa fedha kidogo, na maandishi huenda nayo.

Treni ya kwenda Manchester ilichukua saa moja na nusu hivi. Makumbusho ya Taifa ya Soka yamo katika Urbis, jengo la vioo karibu na kituo cha Victoria, na ndani yake nikalikuta kombe lile la pili, la 1896. Lilishindaniwa hadi 1910. Lilistaafishwa kwa sababu, baada ya Manchester United kushinda mwaka 1909, kulitengenezwa nakala bila ruhusa, na FA hawakuwa na hakimiliki ya umbo lake. Wakamzawadia Lord Kinnaird, rais wao, aliyecheza fainali tisa na kushinda tano. Mwaka 2020 liliuzwa mnadani kwa pauni 760,000.

Nilichuchumaa mbele ya kabati kutafuta nanga, lakini kombe huwezi kuligeuza kupitia kioo. Nikalipima kwa macho. Lingeingia kwenye begi langu la mgongoni, na nafasi ya sweta ingebaki. Mwizi wa Newtown Row hakuhitaji hata gunia, koti lilimtosha.